UZI: Mtoto mwenye ulemavu wa akili akishakuwa mtu mzima, akaishi wapi? Historia ya Camphill, nikiisoma kutoka Ngamiani, Tanga

Binti wa Ngamiani (mwanzisha uzi)

Wakuu, assalaam alaykum, na wasio wa salamu hiyo habari za jioni.

Uzi huu ni mrefu, nitauandika kwa awamu, naomba subira yenu.

Mwaka jana mama yangu alipandwa na presha tukalazwa siku nne. Usiku wa pili alinishika mkono. Mama si mtu wa kulia, lakini usiku ule alilia. Akaniambia, "Mie kufa siogopi mwanangu. Namuogopea mdogo wako."

Mdogo wangu ana miaka 34. Kazaliwa na ulemavu wa akili. Alisoma kwenye kitengo cha watoto wa aina yake katika shule moja ya msingi hapa mjini, walimu wakampenda, na alipomaliza akarudi nyumbani na daftari lake. Ikawa basi. Hakuna aliyetuambia kesho yake aamkie wapi. Anajua kufua, kuchota maji, kufagia uani, na anamjua kila mtu wa mtaa wetu kwa jina na kwa jina la mama yake. Pesa hazijui. Ukimwekea noti ya elfu kumi na sarafu ya mia tano achague, atachukua sarafu, kwa sababu inalia.

Kabla ya kuendelea niseme jambo moja, maana najua litachanganywa huko chini. Ulemavu wa akili si ugonjwa wa akili. Mgonjwa wa akili anaugua, anatibiwa, wengi wanapata nafuu. Mdogo wangu haumwi. Akili yake imekua kwa mwendo wake na imefika hapo ilipofika. Hana cha kutibiwa, ana maisha ya kuishi. Na yale maneno ya "taahira" na "zezeta" naomba yasiingie humu ndani.

Tangu usiku ule wa hospitali nimekuwa nikitafuta: je, kuna mahali duniani watu walishajiuliza swali la mama yangu wakalijibu kwa vitendo? Nimekuta majibu kadhaa. Lililonishika ni la Camphill, jumuiya ambako watu wenye ulemavu wa akili na wasio nao wanaishi na kufanya kazi pamoja.

Binti wa Ngamiani

Awamu ya pili.

Daktari mmoja, Karl König, alizaliwa Vienna, Austria, mwaka 1902, katika familia ya Kiyahudi. Alihitimu udaktari mwaka 1927. Mwaka huohuo akaitwa na daktari Ita Wegman kwenda kufanya kazi Arlesheim, Uswisi, na huko ndiko alikokutana na watoto wenye ulemavu wa akili wakilelewa kama watoto, siyo kama mizigo. Akaamua maisha yake yatakuwa kwao. Mke wake, Tilla, alikuwa amekulia katika jumuiya ya Wamoravian. Ndugu zetu wa Mbeya na Tabora mnalijua kanisa hilo vizuri. Lilianzishwa na watu waliohamia pamoja kijiji kimoja wakaishi pamoja, wakala pamoja, wakasali pamoja. Mimi naona mambo mengi ya Camphill yalitoka kwa mwanamke huyu kuliko vitabu vinavyomsifu mumewe vinavyokiri.

Wakafanya kazi Silesia, wakati huo Ujerumani, siku hizi ni Poland, mpaka mwaka 1936, Myahudi alipokuwa hana tena nafasi chini ya Hitler. Wakarudi Vienna. Mwaka 1938 Hitler akaichukua Austria nayo.

Hapa ningependa tutulie kidogo. Mwaka 1939 serikali ya Hitler ilianza mpango wa kuwaua watu wenye ulemavu na wagonjwa wa akili, katika vituo sita vilivyowekwa vyumba vya gesi. Mpaka Agosti 1941 walishauawa zaidi ya watu 70,000 katika vituo hivyo peke yake, na mauaji yakaendelea kwa njia nyingine. Vienna kwenyewe, mji wa König, palikuwa na kliniki iliyoitwa Am Spiegelgrund ambako waliuawa watoto wapatao 800. Waliokuwa wakiwapima na kuandika majina yao walikuwa madaktari. Madaktari wa mji uleule, waliosoma pale aliposoma yeye.

König na kundi la vijana waliokuwa wakikusanyika kwake, wengi wao Wayahudi, wakatawanyika kila mtu na njia yake. Mmoja alikuwa mcheza dansi, mwingine msanii, wengine wanafunzi wa udaktari. Waliahidiana wakikutana tena watafanya kazi pamoja. Wakakutana Scotland. Familia moja yenye shamba karibu na Aberdeen, akina Haughton, iliwapa nyumba ya zamani ya mchungaji iitwayo Kirkton. Wakahamia mwaka 1939 katika baridi na upepo, na mwaka huohuo mtoto wa kwanza akaletwa.

Kwa hiyo Camphill ilianzishwa na wakimbizi. Wao wenyewe hawakuwa na kwao. Nadhani ndiyo maana walielewa mapema kuliko wengine kwamba anachokosa mtu kama mdogo wangu mara nyingi siyo dawa, ni kwao.

Msambaa wa Mlalo

Nimekaa mkao wa kusoma dada. Endelea, mimi nitakuja na la Lutindi ukimaliza.

Kaka wa Duga

Dada pole kwa mama. Ila swali langu: hivi sisi Waafrika tunahitaji kufundishwa na Wazungu kukaa na ndugu zetu? Kwetu mtu wa hivi analelewa na ukoo. Hayo ya kujenga vijiji maalumu ni ya watu waliovunja ukoo wao.

Binti wa Ngamiani

Kaka wa Duga, swali lako ni la haki na nitalirudia, usiondoke.

Awamu ya tatu. Mwaka 1940 walishapata nyumba kubwa zaidi ya kuhamia, kwenye shamba liitwalo Camphill, kando ya mto Dee nje ya Aberdeen. Wakati wanajiandaa, Jumapili ya Pentekoste, tarehe 12 Mei, polisi wakaja wakawachukua wanaume. Vita imeanza, na kwa Uingereza mtu aliyetoka Austria alikuwa raia wa adui, hata kama alimkimbia huyohuyo adui. Wakawekwa kizuizini katika kisiwa cha Man.

Wakabaki wanawake, watoto wao wenyewe, na watoto waliokuwa wakilelewa. Mtu mwingine angesema tusubiri wanaume watoke. Tilla na wenzake hawakusubiri. Tarehe 1 Juni 1940 walifunga virago wakahama wao wenyewe, na siku hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa mwanzo wa Camphill. Wanaume walipoachiwa baadaye walikuta nyumba inaendeshwa.

Watoto waliopokewa pale walikuwa wale ambao sheria ya Uingereza ilisema hawafundishiki. Sheria ya mwaka 1913 iliwapanga watu hao kwa madaraja yenye majina ambayo siwezi hata kuyatafsiri humu, na wengi waliishia kwenye mahospitali makubwa ya nje ya miji, vitanda vimepangwa kama bweni, mtu anaingia na miaka 10 anatoka kwenye jeneza. Haki ya kila mtoto wa England kwenda shule, hata awe na ulemavu mzito kiasi gani, ilipitishwa mwaka 1970 tu. Scotland ikafuata mwaka 1974. Yaani Camphill walikuwa wakiwafundisha kwa miaka 30 watoto ambao kwa sheria ya nchi walikuwa hawafundishiki.

Sasa nakuja kwenye kiini cha uzi.

Watoto walikua.

Hilo tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 yule aliyeletwa na miaka 9 alishaota ndevu. Wazazi wakawa wanauliza: shule imekwisha, sasa? Ni swali la mama yangu neno kwa neno, na linaulizwa Uingereza miaka 70 iliyopita. Familia ya Macmillan, wale wachapishaji wa vitabu, ambao nao walikuwa na mtoto wao pale, ikatoa shamba lake la Botton, kwenye bonde moja la Yorkshire kaskazini mwa England. Mwaka 1955 kikaanza kijiji cha kwanza cha Camphill cha watu wazima.

Niwaelezee kinavyoishi, maana hapa ndipo nilipoanza kuona picha.

Hakuna jengo moja kubwa. Kuna nyumba nyingi, kila moja na jiko lake. Ndani ya nyumba moja wanaishi watu wenye ulemavu kadhaa pamoja na watu wasio na ulemavu, wengine wana wake, waume na watoto wao palepale. Meza ni moja, na chakula kilichoko mezani ni hichohicho kwa wote. Asubuhi kila mtu anatoka nyumbani anakwenda kazini: shambani, kwenye ng'ombe, kwenye jibini, kwenye tanuri la mikate, karakana ya seremala, kufuma, kutengeneza mishumaa. Jioni anarudi. Wenye ulemavu waliitwa wanakijiji. Hakuna aliyeitwa mgonjwa, na wale waliokuja kuishi nao hawakulipwa mshahara. Kila mmoja alipewa anachohitaji kutoka mfuko wa pamoja, awe daktari au mpika uji.

Lile la kutoka asubuhi nimelifikiria sana. Mdogo wangu jioni huenda kijiweni kwa muuza kahawa akamsaidia kuosha vikombe. Hakuna aliyempangia. Siku moja mvua kubwa ilinyesha muuza kahawa hakuja, mdogo wangu alikaa mlangoni mpaka saa tatu usiku, amevaa shati lake la kazi. Shati la kazi! Ni shati la kawaida la mtumba, lakini yeye ndivyo alivyoliita, na akikuta limelowa kwenye kamba hafurahi kutwa nzima.

Mwalimu wa Makorora

Umenigusa dada. Nimefundisha kitengo kama hicho miaka 11 na nikuambie ukweli unaoniuma: tunawafundisha kunawa, kuvaa, kuhesabu hadi 20, kusuka mkeka, tunawazoesha ratiba. Kisha wanaondoka. Nikikutana na mmoja wao baada ya miaka miwili mitatu mtaani namkuta amerudi nyuma, hata kuvaa amesahau, kwa sababu kule nyumbani anavalishwa ili isichelewe. Wengine sikutani nao kabisa, naambiwa wako ndani.

Tulichojenga sisi ni shule. Kinachokuja baada ya shule hatujakigusa.

Msambaa wa Mlalo

Sasa nije na langu, na ni la mkoa huuhuu wa Tanga.

Watu wengi hawajui kwamba hapa kwetu, juu Usambara upande wa Korogwe, pana Lutindi. Ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1896 kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani. Watoto wakakua (angalia neno hilo tena), nafasi ikabaki, na kufikia mwaka 1905 ikawa imegeuzwa mahali pa kuwatunza wagonjwa wa akili, hospitali ya kwanza ya aina hiyo Afrika Mashariki. Mirembe ya Dodoma ilikuja baadaye sana. Siku hizi Lutindi iko chini ya KKKT Dayosisi ya Kaskazini Mashariki.

Waliofanya kazi pale walitoka Bethel, mji wa watu wenye kifafa na ulemavu kule Bielefeld, Ujerumani. Bethel ilianza mwaka 1867 kwa ajili ya wenye kifafa, na mchungaji Friedrich von Bodelschwingh alipoichukua mwaka 1872 akaikuza ikawa na nyumba zake, mashamba yake, karakana zake. Wamisionari waliokuja Mlalo mwaka 1891, kanisa letu hili, ni wa mkondo huohuo. Kwa hiyo fikra ya kukaa na kufanya kazi pamoja badala ya kumfungia mtu ilishafika milimani kwetu kabla hata König hajaanza shule ya msingi. Lutindi wagonjwa walilima na mpaka leo kazi za mikono ni sehemu ya matibabu.

Ila nikubaliane na dada: Lutindi ni hospitali. Ni ya wagonjwa. Mdogo wako hapaswi kwenda kule, na nimeona familia zikipeleka watu wa aina yake wakidhani ndiko kwao.

Binti wa Ngamiani

Msambaa, Mungu akuweke. Lutindi nilikuwa naisikia kwa jina tu, tena kwa vitisho vya utotoni, "utapelekwa Lutindi". Sikujua mwanzo wake ni watoto wa watumwa.

Kaka wa Duga, sasa nikujibu. Ukoo upo na mimi ni ushahidi wake, maana ndiye ninayemwogesha mdogo wangu akiumwa. Lakini hebu tuuangalie ukoo wenyewe ulivyo leo. Sisi tumezaliwa watano. Kaka mkubwa yuko Dar, anatuma pesa kila mwezi, namshukuru. Wa pili yuko Oman. Dada yangu kaolewa Muheza, mumewe ni mtu mwema ila nyumba yao ni vyumba viwili na watoto sita. Nimebaki mimi. Ule ukoo wa bibi zetu, uani wanawake wanane, mtoto analelewa na yeyote atakayekuwa karibu, ulikuwa ni nyumba kabla haujawa damu. Watu walikuwa wanakaa pamoja. Damu ipo mpaka leo, waliotawanyika ni watu, na damu ya Oman haiwezi kumfungia mtu vifungo vya shati Ngamiani.

Halafu tusifiche. Ukoo huohuo ndio unaowafungia baadhi ndani chumba cha nyuma wageni wakija. Mwalimu hapo juu kasema "wako ndani". Wote tunajua maana yake.

Kaka wa Duga

Nimekuelewa dada, na kwa hilo la chumba cha nyuma sina la kujibu. Shangazi yangu aliishi hivyo. Alikufa nikiwa na miaka 15 na ndiyo siku niliyomwona uso wake vizuri.

Mdau wa Chumbageni

Mimi nina wasiwasi wa upande mwingine. Watu wasiojua kujieleza, wamekaa mbali kijijini, wanatunzwa na watu walioitwa watakatifu. Hapo ndipo maovu yanapofanyika. Kuna L'Arche, jumuiya nyingine ya aina hiyo, iliyoanzishwa na Jean Vanier mwaka 1964 katika kijiji cha Trosly-Breuil, Ufaransa. Aliwachukua wanaume kutoka kituo kimoja akaanza kuishi nao nyumba moja, na ikasambaa nchi zaidi ya 30. Dunia nzima ilimsifu. Amefariki Mei 2019, na mwaka 2020 L'Arche wenyewe wakatangaza matokeo ya uchunguzi kwamba aliwadhulumu kingono wanawake. Ripoti ya Januari 2023 ikahesabu wanawake wasiopungua 25. Hakuna mwenye ulemavu wa akili aliyetajwa miongoni mwao, lakini jiulize, kama wanawake wanaojua kusema walinyamaza miaka yote ile kwa sababu ya heshima yake, asiyejua kusema angefanyaje?

Binti wa Ngamiani

Mdau, hili nilikuwa naliogopa na nimefurahi umelisema wewe kabla yangu. Nililisoma lile la Vanier nikafunga simu, nikakaa siku mbili sitaki kusikia habari za jumuiya yoyote.

Nililobaki nalo ni hili: L'Arche waliunda tume wenyewe, wakatoa kila kitu hadharani, mwanzilishi wao wakamvua heshima, na nyumba zikaendelea, kwa sababu waliokuwa wakiishi ndani yake walikuwa bado wanahitaji chai asubuhi. Nyumba haikuwa ya mwanzilishi. Lakini ndiyo, mlango lazima uwe wazi. Mtu wa nje aingie wakati wowote, jirani aulize, serikali ikague.

Na Camphill nao wana yao, sitawaficha. Nchini Ireland wakaguzi wa serikali waliandika ripoti kali kuhusu usalama katika baadhi ya makazi yao, na serikali ikaingia kuchukua uendeshaji. Botton yenyewe, kile kijiji cha kwanza, kuanzia mwaka 2014 kuliwaka moto. Shirika linalosimamia lilisema wale wanaoishi bila mshahara lazima wawe waajiriwa, sheria za kodi na kazi zinataka hivyo. Waliokuwa wakiishi pale, na wazazi wengi, wakakataa: ukishakuwa mwajiriwa una zamu, zamu ikiisha unaondoka, na yule uliyekuwa unakula naye jioni anabaki na mtu wa zamu nyingine. Wakapelekana mahakamani. Mwisho wakapatana, wakagawana njia, kila upande na utaratibu wake.

Nimewasikiliza pande zote mbili na sioni mjinga. Mtu asiyelipwa anaweza kuchoka akaondoka, au akanyonywa. Mtu anayelipwa anaweza kutazama saa. Kwa mama yangu nadhani swali lingekuwa rahisi zaidi: nani atajua kwamba mwanangu akinyamaza sana ujue tumbo linamuuma? Hilo mtu halijui kwa zamu ya wiki mbili.

Kuna na suala la imani. Camphill inasimama juu ya mafundisho ya Rudolf Steiner, mwanafalsafa wa Austria, na sikukuu zao ni za Kikristo kwa namna yao. Mimi ni Mwislamu. Sioni haja ya kuchukua hayo. Ninachochukua ni nyumba, kazi na meza.

Na imeshafika Afrika muda mrefu. Afrika Kusini ipo. Botswana, katika kijiji cha Otse, ipo tangu mwaka 1974, ilianza na shule ya watoto, na kwa vijana na watu wazima wakafungua karakana na bustani za miche. Sehemu moja ya kazi waliiita Motse wa Badiri, ni Kitswana, maana yake mji wa wafanyakazi. Hilo "motse" ni "mji" yetu hii hii. Niliposoma jina hilo nilimwita mdogo wangu nikamwambia, "Huko kuna mji wa wafanyakazi." Akauliza kama wana vikombe.

Ustadh wa Msambweni

Dada, naomba nichangie upande wa sheria yetu, kwa kuwa umegusa nyumba.

Mdogo wako ni mrithi kamili. Ulemavu haumwondolei fungu lake hata robo, na akiwa mwana wa kiume fungu lake ni mara mbili ya lako. Kinachozuiwa ni yeye kukabidhiwa mali aiendeshe mwenyewe. Suratun Nisaa aya ya 5 imelieleza: wasio na uwezo wa kusimamia mali msiwakabidhi, bali walisheni kutokana nayo, wavisheni, na semeni nao maneno mema. Tazama, imetaja chakula, imetaja nguo, na haikuacha namna ya kusema nao. Kwa hiyo anawekwa msimamizi mwaminifu, na msimamizi ana hesabu ya kutoa hapa na kesho akhera. Nyumba ya marehemu baba yenu ikiuzwa na fungu la huyu likaliwa kwa kuwa hajui kuhesabu, hiyo ni dhuluma ya wazi.

Nimeziona kesi hizo hapa mjini. Si chache.

Mwalimu wa Makorora

Na upande wa serikali, msisahau Sheria ya Watu wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010, na mkataba wa Umoja wa Mataifa ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 2009. Ibara ya 19 ya mkataba inasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuishi ndani ya jamii na kuchagua aishi wapi na na nani. Halmashauri nazo zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya vikundi, na asilimia 2 kati ya hizo ni ya watu wenye ulemavu. Wenye ulemavu wa akili ndio wa mwisho kuomba kwa kuwa fomu inataka mtu ajieleze. Wazazi wakiwa kikundi inaweza kuwa habari nyingine.

Binti wa Ngamiani

Ustadh, Mwalimu, nimenakili maneno yenu kwenye daftari, nitayapeleka kikaoni.

Awamu ya mwisho, wakuu.

Nyumba yetu ni ya Kiswahili, mnaijua. Vyumba vitatu huku, vitatu kule, ukumbi katikati, uani jiko, choo na mti wa muarobaini. Mbele baraza. Vyumba vitatu tumepangisha. Kaka zangu walikuwa wameanza kuzungumzia kuiuza mama akiondoka, kila mtu achukue chake. Sikuwalaumu, wana watoto wanasoma.

Ila nikawa nimelala usiku mmoja naipima nyumba hii kwa jicho la Botton. Vyumba sita. Wapangaji wanakula uani kwa hali ilivyo, mdogo wangu kila jioni anapewa kipande cha mhogo na huyu, chai na yule. Ukumbi wenyewe mtu hawezi kupita bila kuonekana. Mlango wa mbele uko kwenye baraza, barabara nzima inaona nani kaingia. Kijiwe cha kahawa hatua 40. Msikiti nyuma. Wale wakimbizi walijenga kijiji kizima bondeni ili wapate mambo haya, na sisi tumezaliwa nayo tunataka kuyauza milioni kadhaa tugawane.

Jumapili iliyopita tulikaa kikao. Kaka wa Dar alikuja, wa Oman alikuwa kwenye simu. Nilisema hivi: nyumba isiuzwe. Fungu la mdogo wetu liandikwe kwa maandishi, chumba cha mbele kiwe chake daima. Chumba kimoja cha wapangaji kipewe familia ndogo bila kodi, kwa makubaliano kwamba wanakula naye na wanajua akinyamaza maana yake nini. Mimi nabaki chumba changu. Na chumba kimoja, kama kuna mzazi mwingine mwenye mtu mzima wa aina hii, aje, wawe wawili, kwa sababu nimegundua mdogo wangu ana majirani wengi lakini hana rafiki aliye kama yeye.

Kaka alikaa kimya muda mrefu. Akauliza, "Na wewe ukiolewa?" Nikamwambia atakayenioa atakuja ukumbini kama wageni wengine na atawakuta wote wawili. Mama alicheka, mara ya kwanza tangu hospitali. Hatujamaliza, kaka anataka kuona hesabu ya kodi tutakayopoteza, ni laki na ushee kwa mwezi, na ana haki ya kuuliza. Tunakaa tena mwezi ujao baada ya yeye kuzungumza na mkewe.

Kwa sasa ombi langu ni dogo. Mwenye mtu mzima mwenye ulemavu wa akili nyumbani, kuanzia Chumbageni mpaka Pongwe, hata kama yuko ndani na majirani hawajui, aniandikie faragha. Sikusanyi michango wala sifungui shirika. Nataka tujue tuko wangapi.

Mama wa Pongwe

Mwanangu nimesoma uzi wako wote, nimesomewa na mjukuu. Wangu ni binti, ana miaka 27. Anasuka ukili, ukimpa miyaa iliyokwisha kuchanwa anasuka kutwa bila kuinua kichwa, pima moja kwa pima nyingine. Hajawahi kulala nje ya nyumba hii. Nikija Ngamiani nikuulizie kwa nani?